Kuhamisha kadi ya kura Dodoma: dawati la kata nyota nne, steshenari ya jirani nyota moja

Kwa mwenye haraka: huduma ya mwaka 2025 ya kuandikisha wapiga kura na kuhamisha taarifa zao, ile ya dawatini kabisa, ni nzuri, ni bure, na inakwenda upesi kuliko nilivyotegemea. Nyota nne. Inayoichafua ni biashara iliyoota pembeni yake, ya vishoka wenye mashine za fotokopi, pamoja na maneno ya mtaani kuhusu nani anaruhusiwa na nani haruhusiwi. Hao nawagawia nyota yao huko chini.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibaraza karibu na Soko la Majengo hapa Dodoma mjini. Kwetu ni Kondoa. Kadi yangu ya mpiga kura niliipatia kwetu mwaka 2015, mwaka ule mashine za alama za vidole zilipoanza kutumika, zikaanzia Njombe. Nikapiga kura hukohuko 2015 na 2020. Sasa maisha yangu yote yako mjini: chumba, wateja, madeni. Kila ukifika uchaguzi nifunge kibaraza, nipande basi, nilale kwa dada, nirudi kesho yake nikute mteja kachukua kitambaa chake kapeleka kwa fundi mwingine. Kura haiuzwi, lakini mimi yangu ilikuwa inanigharimu.

Uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura wa safari hii ulizinduliwa Kigoma Julai 2024 ukazunguka nchi nzima. Awamu ya kwanza ilinipita nikiwa na tenda ya sare za shule, na mwenye tenda ya sare hana ruhusa hata ya kuumwa. Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilipofungua awamu ya pili Mei 2025 nikasema hii hainipiti.

Nilianzia kwenye simu. Watu wengi hawakujua kwamba ukiwa tayari umo kwenye daftari uliweza kuanzisha mchakato wa kuhama au kurekebisha taarifa kwa kupiga *152*00#, hata kwa kitochi. Mwenye simu janja au kompyuta aliingia kwenye mfumo wa mtandaoni wa Tume. Andaa kadi mkononi kabla hujaanza, maana utaulizwa ile namba ndefu inayoanza na herufi T, na ukianza kuitafuta kabatini wakati menyu inakusubiri, itakukatia. Simu haimalizi kazi, hilo lieleweke. Unaanzisha kwa simu, unakamilisha kituoni kwa miguu yako, kwa sababu kadi haichapishwi hewani.

Kituo chetu kilikuwa ofisi ya kata. Vituo vilifunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, kwa siku saba mfululizo. Ushauri wangu ni siku za katikati, mchana wa saa nane hivi, watu wakiwa wamekwenda kula. Siku ya mwisho msiniulize, Watanzania tunajuana. Wazee, wajawazito, wenye watoto wachanga, wagonjwa na wenye ulemavu wanapitishwa mbele, na niliona kweli wanapitishwa, siyo maneno ya kwenye tangazo.

Dawatini wanakaa wawili: mwandishi msaidizi anayejaza fomu, na mwendesha mashine ya bayometriki, ile ya alama za vidole na picha. Pembeni kwenye benchi kuna mawakala wa vyama na madaftari yao, wanaangalia tu. Mimi nilijaziwa Fomu Namba 5A, ndiyo ya wanaohama na wanaorekebisha. Anayeanza kabisa anajaziwa Fomu Namba 1. Kuna na 5B, ya kumwondoa mtu ambaye hana sifa tena, kwa mfano marehemu. Fomu zote ziko hapo mezani na zote ni bure. Kumbuka neno hilo, bure, tutalihitaji tukifika steshenari.

Mbele yangu alikuwa mzee mmoja mkulima, umri wake ni wa kuitwa babu na kila mtu. Aliingia akasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," nusu ya chumba ikamwitikia. Tatizo likawa vidole. Miaka yote ya jembe imekula mistari yake, mashine haisomi kitu. Kijana wa mashine hakufoka wala hakumwambia arudi siku nyingine. Alichukua kitambaa chenye maji akamfuta kidole kimoja kimoja, akasafisha na kioo cha mashine, akamwambia, "Babu, usikandamize, weka kama unamgusa mtoto aliyelala." Dole gumba likasoma. La pili likagoma, wakafuta tena. Mzee akauliza kama wanataka na vya miguuni, watu wakacheka, yeye akacheka zaidi. Kazi ikaisha, kadi ikatoka. Mimi kwa sababu ya sindano vidole vyangu vina matundu kama chujio, nikaogopa yatanikuta yaleyale, lakini vilisoma mara moja.

Picha sasa. Unakaa mbele ya kitambaa cheupe, kamera iko mbele yako, hakuna cha kutabasamu. Mimi ni mvaa ushungi, nikaambiwa niusogeze nyuma kidogo uso wote uonekane, sikuambiwa niuvue, na aliyeniambia alikuwa dada. Nawasifu kwa hilo. Picha yenyewe nimetoka kama mtu anayedaiwa kodi, ila hilo siyo kosa lao.

Jambo moja msilipuuze: kabla hajachapisha, omba akugeuzie kioo cha kompyuta usome jina lako, tarehe ya kuzaliwa na jina la kituo. Mama aliyekuwa nyuma yangu jina lake la katikati lilikuwa limekosewa tangu kadi ya zamani, amelibeba hivyohivyo kwa miaka kumi kwa kuona ni usumbufu kulibadilisha. Lilirekebishwa papo hapo kwa fomu ileile ya 5A.

Haya, steshenari. Sitaitaja jina, na hata mkiniuliza pembeni sitaitaja, lakini wenye macho wanajua ziko nyingi za aina yake. Pale nje walibandika karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: HUDUMA YA KADI ZA KURA, KUHAMIA, KUJIANDIKISHA. Niliingia kutoa kopi ya risiti tu. Nilikuwa na mtoto wa dada yangu, aliyekuja kuishi kwangu baada ya kumaliza kidato cha nne, ananisaidia kutia vifungo na kufuma pindo. Yule kijana wa kaunta akatuona wateja.

Kwanza akaniambia kadi za 2015 zimekwisha muda wake. Si kweli. Kadi za 2015 na za 2020 zote ni halali, na ambaye hahami na hana cha kurekebisha hakutakiwa hata kwenda kituoni. Pili akaniambia fomu ya kuhamia ni shilingi 5,000. Tumeshasema fomu ni bure. Tatu, na hapa ndipo nilipomnyang'anya nyota zote, akaninong'oneza kwa upole kabisa: "Mama, kuhama kuna mlolongo. Wewe nenda kajiandikishe upya tu, sema hujawahi, utapewa kadi siku hiyohiyo."

Huyo kijana anawauzia watu kesi. Kujiandikisha zaidi ya mara moja ni kosa la jinai kwa sheria ya uchaguzi ya 2024. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi 100,000 na isiyozidi 300,000, au kifungo kisichopungua miezi sita na kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Na usifikiri hawatajua. Alama za vidole zinachukuliwa kwa kazi gani? Jina unaweza kubadilisha, hata ushungi unaweza kubadilisha, dole gumba ni lilelile la Kondoa.

Kisha akamgeukia binti. Akamuuliza miaka, binti akasema kumi na saba, yeye akasema, "Wewe bado, rudi 2030." Binti akaniangalia, "Eti mama mdogo, kweli?" Si kweli, mwanangu. Sheria inasema anaandikishwa raia aliyetimiza miaka 18, au atakayekuwa ametimiza miaka 18 ifikapo siku ya uchaguzi mkuu. Huyu kazaliwa Septemba 2007. Uchaguzi ulipangwa Oktoba 29, 2025. Hesabu hiyo hata kwa vidole inatoka. Nilipomwambia hivyo akahamia kwenye ukuta mwingine: basi lazima awe na kitambulisho cha Taifa, cha Nida, na namba anaweza kumfuatilia yeye, kwa malipo. Nida yenyewe ilikuwa inasajili kuanzia miaka 18! Sasa mtoto wa miaka 17 ambaye sheria inamruhusu kujiandikisha kupiga kura angeitoa wapi hiyo Nida? Ukiona mtu anakudai karatasi ambayo haiwezi kuwepo, jua anachotaka siyo karatasi.

Binti alikwenda kituoni na kopi ya cheti cha kuzaliwa, kwa tahadhari, kwa kuwa mwandishi akiwa na shaka na umri au uraia wako ana haki ya kukuuliza uthibitishe. Aliulizwa alikozaliwa, tarehe, anaishi wapi, basi. Akatoka na kadi. Aliipiga picha kabla hata wino haujapoa akawatumia wenzake wote wa kidato cha nne, nikamfokea kwa sababu namba ilikuwa inaonekana.

Ambacho kilinikera kuliko vyote pale steshenari sikukiona mpaka tunatoka. Kwenye kaunta kulikuwa na rundo la kopi za kadi za watu. Picha, majina, namba za kadi, vimelala wazi karibu na pipi. Jamani. Kadi yako usimwachie mtu, na kopi yake usiiache kwenye mashine ya mtu. Nyota moja hiyo nimempa kwa sababu kopi ya risiti ilitoka safi.

Kwenye foleni ya kata nikajikuta nimekuwa mshauri bila kupenda, kwa sababu fundi cherehani amezoea kusikiliza, na watu wanaongea. Nilichokiona ni kwamba watu hawana tatizo na foleni. Tatizo ni kutojua kama wanahusika. Wapo ambao walikaa nyumbani kwa kuamini wao si wapiga kura, na hakuna aliyewakataza zaidi ya jirani.

Katiba, ibara ya 5, imeanza na ruhusa: kila raia wa Tanzania aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kupiga kura. Ndipo inapotaja sababu ambazo Bunge linaweza kuziwekea sheria ya kumzuia mtu: kuwa na uraia wa nchi nyingine, ugonjwa wa akili, kutiwa hatiani kwa makosa fulani ya jinai, na kushindwa kuthibitisha umri, uraia au uandikishwaji. Kutojua kusoma hakumo. Wala kodi, wala kadi ya chama, wala kuwa na kiwanja. Mpangaji wa chumba kimoja Chang'ombe na mwenye ghorofa Area D wana sifa ileile.

Dada mmoja alikuwa na wasiwasi kwa sababu kaka yake alifungwa miaka ya nyuma, akatoka, na tangu hapo hakanyagi kituo cha kura. Wanaozuiwa ni waliohukumiwa kifo na wanaotumikia kifungo kinachozidi miezi sita, tena wakati wakikitumikia. Huyu kaka yuko nje anauza mahindi Kibaigwa, anazuiwa na nani? Hata walioko ndani, mahabusu na wenye vifungo vya chini ya miezi sita, safari hii waliwekewa vituo vya kujiandikishia magerezani. Watu hawakuamini nilipowaambia. Mahabusu hajahukumiwa, ni mtu anayesubiri kesi yake, sijui kwa nini inashangaza.

Shangazi yake mtu mwingine yuko Muscat, kachukua uraia wa huko, kila uchaguzi anawapigia simu kuwafundisha wamchague nani. Kura hana. Na hata Mtanzania kamili aliyeko ughaibuni, hatuna vituo vya kura nje ya nchi, lazima awe nyumbani siku hiyo.

Mkanganyiko mkubwa kuliko wote hapa Dodoma, na naamini na kwingineko, ni wa madaftari mawili. Oktoba 2024, kuanzia tarehe 11 hadi 20, watu waliandikishwa mitaani kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27. Ile ilikuwa kazi ya TAMISEMI, wasimamizi wa serikali za mitaa. Unakwenda unaandika jina kwenye orodha ya mtaa wako, hupewi kadi. Orodha ile ni ya kumchagua mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wake, na imeishia pale. Daftari la Kudumu ni kitu kingine, cha Tume, chenye alama za vidole na kadi, kwa ajili ya Rais, mbunge na diwani. Jirani yangu muuza mchicha alinikatalia kabisa: "Mimi nilishajiandikisha Oktoba, tena nikapiga na kura, nimwone mwenyekiti wangu kila siku." Nikamwambia aniletee kadi. Hakuna kadi. Nikamsukuma mpaka kata, mchicha wake nikauangalia mimi, na wateja wake ni wabishi kuliko wangu.

Nyota ya tano nimeizuia kwa ajili ya umbali. Awamu ya kwanza vituo vilikuwa 40,126 nchi nzima, vilisogea hadi karibu na watu. Awamu ya pili kituo kikawa ngazi ya kata. Kwa sisi wa mjini kata ni kutembea. Ila jiji letu la Dodoma lina kata za pembezoni ambazo ukitoka mtaa mmoja kwenda mwingine unalipa bodaboda nauli ya kununulia kilo ya sukari. Mama wa huko akishapiga hesabu anabaki nyumbani. Na matangazo yangesema zaidi nani anahusika. Mengi yanasema "Jitokeze kujiandikisha" na picha ya mtu anayetabasamu. Aliyeandikishwa zamani anajiuliza, na mimi? Wa miaka 17 anajiuliza hivyohivyo. Gari la matangazo likipita lingetaja umri na hizo kadi za zamani, yule kijana wa kaunta angekosa wateja.

Wenye kadi za Dodoma Mjini waelewe pia kwamba Mei 2025 jimbo liligawanywa, sasa tuna Dodoma Mjini na Mtumba. Kadi yako haijaharibika kwa sababu hiyo na huna cha kubadilisha. Kinachobadilika ni majina ya wagombea ubunge unaowakuta kwenye karatasi, kulingana na kata yako iko upande upi.

Wanafunzi wa vyuo, hasa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), mjiulize mtakuwa wapi siku ya kura kabla ya kuchagua kituo. Unapiga kura kwenye kituo ulichoandikishwa. Namjua mmoja, mteja wangu wa mashati, kadi yake ya chuoni na siku ya uchaguzi uliopita alikuwa kwao Mbozi, akashinda anasikiliza redio.

Orodha zikibandikwa nenda ukasome jina lako kwa macho yako. Mwaka 2020 walioandikishwa walikuwa zaidi ya milioni 29, mwaka 2025 wakavuka milioni 37, kwa wingi huo jina linaweza kuwa na herufi isiyo yake. Ukipoteza kadi usikate tamaa: uchaguzi wa 2020 Tume iliruhusu waliomo daftarini wasio na kadi kutumia pasipoti, leseni ya udereva au kitambulisho cha Nida, mradi majina yafanane na ya kwenye daftari. Ndiyo maana nilisisitiza lile jina la katikati. Vituo vya kupigia kura vinafunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni. Kibaraza changu siku ya kura sasa kinafunguliwa saa nne, wenye nguo za harusi za wiki hiyo waniletee vitambaa mapema.